Choo cha project kilivyojaa ndengu kule Nuu

Wakuu, salamu kwenu. Haya sikuhadithiwa na mtu, yalinikuta mwenyewe, na sijaongeza chumvi.

Miaka ya themanini nilikuwa nimeolewa kijijini Nuu. Mume wangu alikuwa kazini Mtito Andei, nami nina mimba ya kwanza, miezi ya mwisho.

Shirika moja la afya la kimataifa likaja na project ya vyoo ili watoto wasiharishe ovyo. Kila boma choo kimoja. Sakafu ya simiti, bomba la kutoa harufu, wavu wa kuzuia nzi. Kilikuwa kizuri kuliko nyumba yangu.

Shida ni hii. Sisi Wakamba, mke wa mwana na baba mkwe wanaheshimiana sana. Hawakutani njia ya choo. Nikitaka kwenda, mzee amekaa nje, anaona mlango. Akitaka yeye, mimi niko pale nafua.

Basi tukaendelea na kichaka. Yeye upande wa mto, mimi upande wa miiba, na tumbo hilo. Niliomba Mungu nisijifungulie huko. Mama mkwe naye akagoma kuwa yeye tu wa kukitumia.

Mzee hakupenda kitu kikae bure. Akakijaza magunia ya ndengu, zile choroko tulizovuna. Pakavu, hakuna panya.

Siku ya inspection, mgeni wa shirika akafika na afisa wa afya wa serikali.

"Choo kinatumika?"

"Sana," mzee akajibu. Na hakudanganya.

Mgeni akafungua. Gunia la juu likamwangukia miguuni.

Akatuambia kwa upole kwamba kwa kuwa choo hakitumiki, simiti ya project iliyobaki itapelekwa kijiji kingine. Nikashika tumbo.

Mama mkwe akamuuliza, "Mwanangu, umeoa?"

"Ndiyo, mama."

"Baba yako akiwa chooni, mke wako anaweza kusimama mlangoni akingoja zamu?"

Masikio ya mgeni yakawa mekundu. "Hapana, mama."

"Basi hata huyu ni baba ya mtu."

Mgeni akasema sheria ya shirika ni choo kimoja kwa boma. Afisa wetu akaangalia nyumba yangu, akaangalia jiko langu.

"Huyu anapika kwake," akasema. "Andika boma mbili."

Mgeni akacheka, akaandika. Choo changu kilimalizika kabla sijajifungua.

Mnielewe, silaumu shirika. Kazi yao ni kuleta utaalamu na vifaa ambavyo serikali yetu haikuwa navyo, na watoto wetu walifaidika. Lakini choo kikae wapi na kiwe cha nani, hiyo ni ya wenye nchi kuamua. Ukifanya kazi hizo usiogope, uliza tu mapema. Akina mama watakujibu.

Mzee? Alibaki na kichaka chake mpaka bei ya ndengu ikapanda, akaziuza, choo kikawa wazi.

Nanyi wakuu, choo cha project kwenu kiliwekwa nini?