Buick ya Orval Tackett

Orval Tackett alipoweka kibao cha LINAUZWA kwenye kioo cha gari lake, sisi majirani zake hapa Gallipolis tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mtu yule alikuwa amelihangaikia gari lile tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alilikuta bandani kwa mkulima mmoja, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma: Buick ya mwaka 1956, yenye paa la turubai linalokunjwa. Kila alipopata likizo kwenye meli za kusukuma matishari ya makaa ya mawe mtoni, alikokuwa fundi wa injini, alijifungia nalo gerejini. Marehemu mkewe, Arlene, alikuwa akimpelekea chakula humo humo, akilalamika, "Nimeletewa mke mwenza, tena mwenye magurudumu!"

Lilipokamilika lilikuwa jekundu kama nyanya, na bampa zake ziling'aa hata ungeweza kunyoa ndevu ukijitazama humo.

Basi, kwa nini auze? Ni binti yake, Denise wa kule Columbus. Alimwambia kwenye simu, "Baba, tangu mama afariki unazungumza na gari tu. Liuze, utoke, ukutane na watu."

"Sawa mwanangu, nitaliuza."

Hakusema lini.

Wateja walikuja. Orval aliwakalisha kibarazani, akawamiminia kahawa, kisha akaanza kulisengenya gari lake mwenyewe. Daktari mmoja wa meno alitoka mji jirani wa Athens asubuhi na mapema.

"Linakunywa mafuta kama ng'ombe mwenye kiu," Orval akamwonya.

"Si neno, nitaliendesha Jumapili tu."

"Jumapili ndiyo siku yake ya kugoma."

"Mke wangu ameipenda sana rangi yake."

"Mkeo ana nywele ndefu?"

"Ndiyo."

"Pole, bwana. Akishuka humo atafanana na ufagio wa zizini, na lawama zote juu yako."

Daktari akamaliza kahawa, akaenda zake. Orval akapiga mluzi siku nzima.

Ndipo akaja Wanda Prater, mjane aliyestaafu kazi ya kuendesha mabasi ya shule. Alikuwa na viatu vya mvua na mkoba mkubwa.

"Karibu, bibi," Orval akasema.

"Bibi ni yule aliyemzaa mama yako. Mimi niite Wanda. Funguo ziko wapi?"

"Nikuambie kwanza, linakunywa mafuta..."

"Hata mume wangu alikuwa mnywaji, na nilimzoea. Funguo."

Orval hakuwahi kukaa kiti cha abiria katika gari lile. Alishikilia mlango kwa mikono miwili huku Wanda akivuka daraja la mto kuingia jimbo jirani la West Virginia, upepo ukimpeperusha kola.

"Geuza hapa," Orval akasihi.

"Hapa pana kona mbaya."

"Hapa je?"

"Hapa pana kanisa. Siwezi kugeuzia mbele ya kanisa kwa mwendo huu."

"Basi punguza mwendo!"

Mvua ikawakuta katikati ya mashamba ya mahindi. Wanda akasimamisha gari pembeni, Orval akabonyeza kitufe cha paa. Paa likainuka nusu, likakwama, likasimama juu yao kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Panya walikuwa wametafuna nyaya. Wakalowa chapachapa. Wanda alicheka hadi akaegemea usukani na honi ikalia. Orval alitaka kukasirika, lakini kicheko kikamtoka. Aliniambia baadaye kwamba hakuwa amecheka vile tangu tumzike Arlene.

Waliingia kwenye mkahawa huko Point Pleasant wakichuruzika maji. Mhudumu akawatupia taulo za jikoni na kuwaletea pai ya cheri.

"Umeona lilivyo bovu," Orval akasema kwa matumaini.

"Nimeona. Nalichukua."

"Paa halifungi!"

"Nina mwavuli."

"Na ile bei?"

"Kibaoni nimeisoma. Watoto wangu wanataka pesa hizo ninunulie kiti cha umeme cha kupandia ngazi. Miguu ninayo."

Orval alitafuta ubaya mwingine wa gari lake, akaukosa. "Wanda, ukweli ni kwamba sitaki kuliuza."

"Mji mzima unajua. Lakini kibao umekiweka wewe, na wewe si mwongo."

Akaliuza. Nilimpelekea supu, nikamkuta gerejini ameketi juu ya ndoo, akitazama doa la oili sakafuni. Hakuigusa supu.

Jumamosi honi ikalia nje.

"Panda!" Wanda akapaza sauti.

"Nina kazi."

"Kazi gani?"

Orval akatazama gereji tupu, akachukua kofia yake. Tulimsikia mpaka mwisho wa mtaa: "Taratibu na breki, mwanamke wewe!"

Sasa nyaya za paa ameshazitengeneza, lakini bado huenda bandani kwa Wanda, gari linakolala, na sanduku la spana. Juzi nilimuuliza kama wana mpango wa kuoana.

Akanikazia macho. "Na mtu anayekanyaga breki namna ile?"

Kisha akanisukuma kando apite, maana Wanda alikuwa amefika, na injini ilikuwa inanguruma.