Miguu Mitatu Mpaka Kipese

Niliondoka Beni kwa sababu mikono yangu inatetemeka. Sina ugonjwa, ni woga tu. Nikishika kamera nawaza yote yanayoweza kuharibika, na nikiwa bado nawaza, mkono umeshasogea. Hakuna aliyenifundisha kupiga picha. Nimejifunza kwa kuharibu filamu, na kila picha iliyotoka na ukungu naiweka chini ya kitanda, niitazame tena siku ninayotaka kujilaumu.

Ndiyo maana neno la Papa Mbusa lilinichanganya kwa furaha. Huyu ni mfanyabiashara wa vitenge huko Butembo, mzaliwa wa Kipese. Alitaka picha moja ya familia yake, safi kabisa, na malipo yangu yangekuwa trepie nitakayoichagua mwenyewe. Trepie ni ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Kwangu ilikuwa sawa na kununuliwa mikono mipya.

Sababu ya picha aliieleza vizuri. Mama yake, Mukaka Masika, yaani Bibi Masika, alikuwa amezeeka huko juu milimani. Ndugu yao Katembo alikuwa Kinshasa, na vita ilikuwa imeikata nchi vipande viwili. Kutoka upande wetu hakuna gari lililofika upande wao. Alitaka Katembo apate kumwona mama yake angali hai. Kisha aliongeza sharti: kilima chote kionekane nyuma, kutoka kijitoni mpaka kwenye mikaratusi. Nilidhani ni mtu anayependa mandhari.

Barabara ya Beni hadi Butembo niliipita juu ya lori, kamera ikiwa ndani ya sufuria, sufuria ndani ya kitenge. Sikumwamini dereva, sikumwamini kijana aliyekalia magunia ya makaa, na zaidi ya wote sikumwamini mzee mmoja aliyeiangalia sufuria yangu njia nzima. Tulipokaribia Butembo alishindwa kuvumilia.

"Ndugu, hiyo chakula yako hapana kupoa?"

"Ni ya mgonjwa, Tate," nilijibu, kama tunavyowaita baba zetu.

"Pole. Lakini mgonjwa wa kula vile vyote, si atapona?"

Watu walicheka. Mimi niliikumbatia sufuria zaidi.

Butembo, asubuhi iliyofuata, Papa Mbusa alinipokea dukani kwake akiwa amesimama. Alisema kwa upole: "Chagua trepie, mimi nalipa. Mais, lakini kama kazi hapana kuwa vile nilisema, unairudisha." Nilikubali. Nilitaka sana ile miguu.

Nyuma ya soko kulikuwa na muuza vyombo vya mitumba aliyekuwa na trepie tatu. Ya kwanza ilikuwa ya chuma, nzito, imara kama kitanda cha hospitali. Niliinyanyua, nikakumbuka kwamba baada ya lori kuna mlima wa kupanda kwa miguu, nikaiweka chini. Ya pili ilikuwa nyepesi ajabu, lakini kila mguu ulikuwa na vipande vingi vya kuvutia nje, na kile cha mwisho kilikuwa chembamba kama kijiti. Niliigonga kwa kidole na kuiangalia ikitikisika. Ya tatu ilikuwa ya aluminiamu, vipande vichache na vinene zaidi, uzito wa kuku aliyenona. Hiyo niliifungua na kuifunga, nikavuta kila kifungo, nikakandamiza kichwa chake kuona kama kinazama, nikaangalia raba za chini kama zimeliwa. Kisha nikaanza upya.

"We kijana," muuzaji alisema, "unanunua ao unaoa?"

"Nataka kuona kama hapana kutetemeka."

"Wewe ndiye unatetemeka. Trepie iko imetulia."

Nikaomba mfuko wa chumvi nining'inize chini ya nguzo ya katikati. Nilikuwa nimewaza kwamba trepie nyepesi ni kama mtu mnyonge: ikibebeshwa kitu, inasimama vizuri zaidi. Muuzaji alinipa chumvi huku akiniangalia kama mwizi. Ilisimama kweli. Nikaichukua.

Njia ya kwenda Kipese ilianza kwenye lori lililopeleka magunia matupu milimani kuchukua viazi. Nilikaa karibu na Mama Kahambu, mwanamke mnene mwenye kicheko, muuza viazi wa hukohuko Kipese. Alikuwa na mfuko wa mbegu ya viazi magotini. Aliniuliza jina, ukoo, kanisa. Nilijibu nusu nusu. Nani anauliza mambo mengi hivyo kama hana mpango?

Kwenye kizuizi, wanajeshi walitushusha. Mmoja aliona kile kitu kirefu nilichokifunga kwa kitenge.

"Yaka awa!" aliniita kwa Lingala. "Oyo nini?"

"Ni ya kamera, chef."

"Kamera iko na miguu? Inaenda wapi?" Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. "Hii ni ya kusimamisha bunduki. Nani amekutuma?"

Nilitaka kueleza kuhusu mwanga hafifu na picha zenye ukungu, lakini nilichotoa ni sauti tu. Mama Kahambu akasogea.

"Chef, umuangalie vizuri. Mutu anatetemeka hivi, bunduki anaikamata na nini? Na meno?"

Mwanajeshi aliamuru niifungue. Akaweka bunduki yake juu, na kichwa cha trepie kikainama polepole mpaka mdomo wa bunduki ukaangalia viatu vyake mwenyewe. Aliruka pembeni.

"Hata fimbo ya muzee inashinda hii. Potea!"

Nakiri kwamba niliumia. Badala ya kushukuru kwamba tumepona, tulipopanda lori nilianza kukaza skrubu ya kichwa, nikijiuliza kama niliidanganya nafsi yangu sokoni.

Mwisho wa barabara ya lori tulianza kupanda kwa miguu. Huko ndiko nilikojua thamani ya uzito mdogo. Ile ya chuma ningeiacha kwenye kona ya kwanza. Mama Kahambu alipumua kwa nguvu nyuma yangu, akauliza:

"Donc, unaenda kwa nani?"

"Kwa Mukaka Masika."

"Na nani alikutuma kwake?"

"Mtoto wake, Mbusa."

Aliiangalia trepie yangu, akaniangalia mimi. Kicheko kiliisha. Akachukua njia ya mkato, mfuko wa mbegu kichwani, akapotea kati ya mashamba ya maharagi. Nilibaki nikiamini kwamba amekwenda kuwaita wanyang'anyi.

Kipese, saa za alasiri, nilikuta watu wananingoja. Walikuwa wamekaa mbele ya nyumba ya udongo, Mama Kahambu kati yao. Kwenye lango la ua alisimama Paluku, kifungua mimba wa Mukaka, jembe mkononi.

"Mwasibire," nilisalimu.

Hakuitikia salamu. "Jeometre anatafuta nini kwetu?"

Jeometre ni mpima ardhi. Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi wa Beni nilikuwa nimeogopa wanajeshi na wezi. Sikuwahi kuwaza kwamba kwenye milima ile, ambako shamba la mtu mmoja linagusa mlango wa mwenzake, miguu mitatu inajulikana kwa kazi moja tu.

"Tunajua namna inaanza," Paluku alisema. "Ya kwanza, wanasimamisha miguu tatu. Ya pili, mutu anafunga jicho moja. Ya tatu, ng'ombe ya tajiri wa Butembo inakula maharagi yetu, na waya ya miiba iko imeshafungwa."

"Hapana, Tate. Ni picha tu. Ya Katembo."

"Katembo ndiye alikuambia?"

"Hapana. Mbusa."

"Na Mbusa alisema upige nini?"

Sijui kudanganya, nikidanganya natetemeka mara mbili. "Mama. Na kilima chote. Kutoka kijitoni mpaka kwenye mikaratusi."

Na mimi, kwa mara ya kwanza, niliyasikia yale maneno kama walivyoyasikia wao. Kutoka kijitoni mpaka kwenye mikaratusi. Hakuna anayemtamani mama yake kwa kipimo hicho; hicho ni kipimo cha shamba linalouzwa. Niliwaza kugeuka, nishuke kabla giza halijaingia, niseme kule Butembo kwamba mvua ilinyesha.

Sauti ilitoka kwenye kiti kilichokuwa pembeni mwa ua. Mukaka Masika alikuwa mdogo, amefunikwa blanketi, miguu imevimba. "Kama anakuja kuniangalia, na miye nimuangalie. Mulete ile kitu."

"Mama, usiguse ile kitu," Paluku alisema.

"Paluku, nyamaza kidogo. Katembo anione. Sitaweza kungoja vita iishe." Kisha akanigeukia. "Ile ya jeometre mwenye alikuja kwa jirani, ni yeye peke anachungulia. Tuliomba, alitukataza. Na hii yako?"

Sijawahi kumruhusu mtu aguse kamera yangu nikiwa nimeshaipanga. Ni ugonjwa wangu mwingine: naona kila mkono ni wa kuharibu. Lakini niliisimamisha mbele yake. Nilifupisha miguu mpaka kitundu cha kuchungulia kikawa sawa na jicho lake akiwa amekaa, mguu mmoja nikauelekeza kwenye mteremko ili isianguke, nikaelekeza lenzi kama nilivyoagizwa. Kisha nikarudi nyuma na kufunga mikono mgongoni.

Alifunga jicho moja. Alichungulia muda mrefu.

"Naona kilima. Miye niko wapi?"

"Utakaa pale mbele, Mukaka, upande wa kushoto."

"Basi hii haiko picha yangu. Ni picha ya shamba, na miye ni muti ya mupaka."

Mama Kahambu alicheka, wa kwanza kucheka. Mukaka akaomba aonyeshwe namna ya kugeuza. Nilimwonyesha mpini. Aligeuza kichwa cha trepie, jicho likiwa palepale, mpaka kilima kikatoka chote, na ukaingia ukuta wa nyumba na mlango wa mbao.

"Hapa. Hii mulango Katembo anaijua. Alitokea hapa siku alienda."

Nikakaza skrubu, nao wakambeba Mukaka na kiti chake mpaka mbele ya mlango. Nikasema, nikishangaa sauti yangu mwenyewe, kwamba yeyote anayetaka aje aone. Wakaja wote, mmoja mmoja, na kila mmoja alipotoka alimweleza anayefuata: mulango, ukuta, kiti, basi. Kama ningeshika kamera mkononi nisingeweza kuwaonyesha kitu. Picha ingehama na mkono wangu. Paluku alikuja mwisho. Alichungulia, akageuka kuangalia kilima, akachungulia tena. Kisha akaweka jembe chini na kuingia ndani kubadilisha shati.

Ukungu ulikuwa unashuka na mwanga ulikuwa kidogo. Nilitaka kila uso uwe safi, wa mbele na wa nyuma, kwa hiyo nililipunguza sana tundu la lenzi, na kamera ikahitaji muda mrefu wa kula mwanga. Upepo ulianza kuitikisa ile aluminiamu yangu nyepesi. Bila kuombwa, Mama Kahambu alinipa mfuko wake wa mbegu ya viazi, nikauning'iniza chini ya nguzo ya katikati. Niliwaomba wasipumue. Nikafyatua kwa waya, bila kugusa kamera. Mukaka aliangalia lenzi kama mtu anayeangalia mgeni akishuka njiani.

Butembo, baada ya filamu kusafishwa, nilikaa barabarani na ile picha magotini nikitafuta kosa. Niliona mshono wa kitambaa chake cha kichwa. Niliona misumari ya mlango. Sikupata kosa, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi.

Papa Mbusa aliishika karibu na dirisha. Nilimwangalia macho. Hayakutua kwa mama yake. Yalikwenda nyuma yake, kulia, kushoto, yakitafuta.

"Kilima iko wapi?"

"Mukaka hakutaka, Papa."

"Ni miye nilikutuma, hapana yeye." Akaiweka picha juu ya vitenge. "Unarudi juma ijayo. Mara hii usisumbue wazee. Unapita asubuhi mapema, kabla hawajatoka, unapiga kilima tu."

"Na picha ya Katembo?"

"Katembo atangoja."

Nilifunga miguu ya trepie, mguu kwa mguu, nikafuta udongo wa Kipese kwenye raba, nikaiweka mbele yake. Mikono ilitetemeka wazi, naye aliiona.

"Unaacha trepie? Umepata wazimu?"

"Naiacha, Papa. Nachukua mama."

Nikaichukua picha, nikatoka. Mpaka kona nilingoja mtu anikamate.

Beni, nilimpa picha ile mama mmoja wa kanisa letu aliyekuwa anasafiri kupitia Uganda, aliyesema ana ndugu wa kuifikisha Kinshasa. Simwamini sana. Siamini watu sana, mnanijua. Hadi leo sijasikia kama Katembo aliipata.

Mkinijia kuniuliza trepie gani ya kununua, nitawaambia: ile mnayoweza kuibeba hadi mwisho wa njia, inayoweza kushuka mpaka jicho la mama mzee aliyekaa, na mkifika kwenye upepo ibebesheni kitu kizito. Kisha rudini nyuma, wenye picha wachungulie kwanza.

Hilo la mwisho Kipese wanalishika kuliko mimi. Mama Kahambu alipokuja Beni na viazi alinitafuta. Alisema jeometre alifika kweli, na miguu yake mitatu, akaisimamisha karibu na kijito. Watu walimbeba Mukaka na kiti chake mpaka pale. Akaomba achungulie. Jeometre akakataa.

"Mukaka akamuambia nini?" niliuliza.

"Akamuambia: 'Kijana wa Beni alituonyesha yote. Wewe unaficha nini?' Halafu tulikaa chini katika maharagi, siye wote, mbele ya hiyo kitu yake. Kila penye anageuza, anaona sura zetu tu. Tulikaa mpaka akafunga miguu yake."