Marupurupu ya Kuishi Kwetu

Bosi wangu wa kwanza alikuwa mwizi mwenye tabasamu, na sitafuti neno la adabu zaidi ya hilo. Yeye alikaa Mombasa kwenye ofisi ya kiyoyozi, mimi nilikuwa Garsen nikimuuzia chumvi ya mifugo. Kazi yangu waliiita ofisa wa masoko. Maana yake ni bodaboda mpaka malishoni, vumbi mpaka kwenye meno, na kuwashawishi wafugaji wa Kiorma kwamba chumvi yetu inaongeza maziwa kuliko ile waliyoizoea. Mimi Mpokomo, mtoto wa wakulima wa kijiji cha Wema! Kabla sijafungua mdomo mzee ashaniuliza, "Wewe ng'ombe unawajulia wapi?" Nikajifunza, nikauza. Bosi akaanza kuniita "malkia wetu wa Tana." Malkia huyo mshahara wake haukupanda hata kidogo.

Halafu wakaniletea mwenzangu, mwanamume kutoka bara. Kazi ni ile ile, tukagawana eneo, yeye ng'ambo ya mto na mimi huku. Hakuwa mtu mbaya, ila kulalamika alijaliwa. Leo mbu, kesho joto, keshokutwa barabara imefurika. Siku moja tukinywa chai akasema potelea mbali, angalau tunalipwa marupurupu ya mazingira magumu.

"Marupurupu gani?" nikamuuliza.

Akanitajia kiasi. Kilikaribia mshahara wangu mzima. Lo! Kumbe mbu wale wale walionitafuna mimi bure, yeye alikuwa akijikuna kwa malipo.

Nikapanda basi hadi Mombasa. Sikwenda kuomba, nilikwenda kudai: nami nilipwe kama yeye. Bosi akanisikiliza huku akichezea kalamu, kisha akacheka.

"Lakini dada, wewe si ni kwenu? Mazingira magumu ni kwa mgeni. Wewe kodi hulipi, unakula kwa mama, na hao mbu mshazoeana."

Nilitamani kumzaba kofi, haki ya Mungu. Akaendelea kusema kwamba kwa vile nimesafiri mbali, ataniongezea kitu kidogo cha muda wa maongezi kwenye simu. Kitu kidogo!

Sasa, mnada wetu wa mifugo una desturi yake. Ukitajiwa bei ya kipuuzi, hubishani. Unashukuru, unageuka, unaondoka polepole na mbuzi wako, na anayemtaka atakuita kabla hujafika langoni. Nimekulia hapo, nimeona watu wakiitwa na kuitwa tena kwa mbuzi mmoja aliyekonda. Basi nikasema, "Asante," nikampa mgongo. Ngazi nilizishuka taratibu. Nikainama kufunga kiatu ambacho hakikuwa kimefunguka. Nikamsalimia bawabu, nikamuuliza habari za kwao, za watoto, za mvua. Hakuna aliyeniita.

Wiki iliyofuata bosi alinipigia simu, sauti imejaa asali. Alifurahi mno kwamba nimekubali bila maneno. "Watu wa huko mna heshima sana," akasema.

Nililia. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni, tusichanganye mambo. Nilimchukia yeye, nikamchukia na mwenzangu asiye na kosa, kila nikimwona anapaka dawa ya mbu. Usiku nilikuwa nikijibizana na dari.

Nikaacha kazi. Nikapanga chumba Malindi, kidogo, chenye jiko mlangoni, na kutoka huko nikatafuta kazi kwa wapinzani wao, kampuni ya dawa za mifugo. Mama aliyenihoji aliniuliza ninaishi wapi.

"Malindi," nikasema.

"Tukikupeleka Garsen utaweza? Kule ni kugumu."

"Nitajitahidi," nikasema, na uso sikuukunja.

Akauliza nataka ngapi. Safari hii sikungoja kuitwa na mtu. Nikataja mshahara, nikataja na marupurupu ya mazingira magumu juu yake, nikang'ang'ania kiti. Aliniangalia sana. Mwishowe akasema sawa.

Nilicheka peke yangu mpaka stendi, watu wakinishangaa. Nimewaweza! Wananilipa kuishi kwetu! Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara nikaenda Wema na mchele, mafuta, sukari na leso mbili za mama. Nikamsimulia yote jikoni, naigiza bosi, naigiza yule mama wa mahojiano, nikingoja vigelegele.

Mama alikuwa akipara samaki. Hakucheka.

"Hizo pesa wanakupa za nini hasa?"

"Za kuvumilia, mama. Za kukaa mahali pagumu."

"Mahali gani?"

Hapo nikasita. "Huku."

"Na wewe ukawaambia ni kweli?"

"Mama, ni maneno ya ofisini tu."

"Ukawaambia kwenu ni Malindi."

"Niliwaambia ninaishi Malindi. Si ni kweli?"

Alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka na mkeka mpya, ule wa wageni, akanitandikia barazani. Akaniletea chai kwenye kikombe cha kabatini, chenye kisahani. Chakula kilipoiva nilipakuliwa mimi kwanza, kipande cha samaki cha katikati. Nikainuka nikaoshe vyombo, dada yangu akanipokonya sufuria bila kuniangalia usoni. Nikamwambia mama aache mchezo, nimechoka. "Karibu sana," akasema, kwa sauti ile ile anayompa mchungaji wa kanisa akipita.

Nikakasirika. Nikaona nisiondoke, nimwonyeshe. Nikaomba ruhusa kazini, nikakaa. Mto ulikuwa umepwa na watu wote walikuwa shambani wakiwahi tope la kupandia mpunga, hata vikongwe. Na kila mtu anajua, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikaingoja hiyo siku ya tatu.

Alfajiri yake nilitoka nimejifunga leso kiunoni. Majembe yote yalikuwa yameshaondoka. Barazani niliukuta mkeka, kikombe cha chai juu ya kisahani chake, na sahani ya mahamri iliyofunikwa vizuri.