Mapazia ya Hoteli

Fundi cherehani wa kijiji aliitwa Mama Vifungo, maana nguo kuukuu haikupita mikononi mwake ikabaki na kifungo. Mjini watu walikusanya vitu walivyovichoka, wakavipeleka kijijini. Kijijini watu walichagua wenyewe kazi ya kufanya, wakaifanya, kisha wakagawana vitu hivyo kama ujira. Si sadaka, walipenda kusema, na hapo walikuwa na haki ya kuringa.

Safari hii kazi ilikuwa mfereji wa kuleta maji kutoka kwenye chemchemi. Walichimba wiki saba. Mama Vifungo alichimba kuliko wengi, kwa sababu mama mkwe wake hakuweza tena kwenda mtoni, na ndoo zote za maji alizibeba yeye. Lakini kingo za mfereji zilikuwa udongo mtupu na mvua ilikuwa mlangoni. Akaomba mjini kitambaa kizito, ashone mifuko ya kujaza mchanga. Kwa mara ya kwanza mji ukasikia: yakaja mapazia ya hoteli, mazito kama blanketi.

Mwenyekiti wa kamati, mume wa dada yake, akayahesabu akaona kila nyumba inapata moja. Macho yakawatoka watu. Mama Vifungo alieleza, akachora chini kwa kijiti, akaeleza tena hadi sauti ikamkauka. Wapo waliolitaka pazia na dirisha lenyewe hawana.

“Shemeji, kanuni tuliiweka wenyewe,” mwenyekiti alisema. “Kila kinachokuja ni ujira. Na siku ya kura mkono wako ulikuwa juu.”

Kweli ulikuwa juu, na hilo ndilo lililomchoma. Akachukua la kwake kwa hasira, akalitundika kwenye mlango wa chumba cha mama mkwe, mlango usio na ubao. Bibi kizee akaacha kukohoa usiku.

Mvua ya kwanza ilinyesha asubuhi moja tu. Kufika adhuhuri kingo zilikuwa zimelala ndani ya mfereji, na wiki saba zimekwenda na maji. Jioni mwenyekiti akaja uani, tope hadi magotini, pazia lake kwapani. Nyuma yake walikuwa watu watatu na mapazia yao. Waliobaki, alisema bila kumtazama usoni, wanasubiri kuona fundi mwenyewe atalifanyaje la kwake.

Mama Vifungo alikuwa na methali tatu tayari mdomoni. Akazimeza, maana hakuna hata moja ambayo ingeshona mfuko.

Akaingia ndani na kigoda. Mama mkwe alikuwa amejifunika mpaka kidevuni.

“Mkwe wangu, na hili nalo?”

“Na hili, mama.”

Bibi akageukia ukutani. Mama Vifungo akapanda kigodani, akaanza kuchomoa pete za pazia moja moja, na upepo ukampita ubavuni kwenda kitandani.