Tuzo ya Makofi

Chuo chetu pale Kasulu kilifundisha utangazaji na sanaa za maonyesho, na sisi wa darasa la jioni tulifika tumechoka hadi kope zinahitaji kuegemezwa kwa fito. Mchana nilishona sare za shule. Jioni nikajifunza kusoma taarifa ya habari. Mwaka wa mwisho wanafunzi tukaandaa tuzo zetu wenyewe. Majaji hatukuweka, maana tungegombana hadi Manyovu watusikie. Kanuni ikawa moja: mshindani anapanda jukwaani, anasoma, ukumbi unapiga makofi, na mwenzetu mmoja anapima kwa simu makofi yamedumu muda gani.

Nilishindania tuzo ya mtangazaji bora. Kombe lenyewe lilikuwa bati tupu, lakini mshindi angepata mwezi wa majaribio kwenye redio moja ya Kibondo, na mwezi ule niliutaka kuliko chakula. Mpinzani wangu alikuwa dada wa darasa la mchana, mwenye sauti ya kumfanya mbuzi aache mahindi.

Alitangulia yeye. Akasoma, ukumbi ukalipuka: sekunde arobaini.

Nikapanda mimi. Safu ya mbele kakaa mama, na majirani wanane aliokuja nao kwa bodaboda kutoka Heru Juu. Sasa, Muha gani atafungua mdomo mbele ya wazee kabla ya kuwasalimu? Nikainama kidogo, nikakutanisha viganja: "Mwidiwe!"

Wazee wakaitikia kama nyumbani, kwa makofi ya taratibu, maana salamu ya Kiha haiendi bila viganja. Wakauliza habari za kazi, makofi. Za afya, makofi. Jirani mmoja akataka habari za mvua ya mjini, kana kwamba kwao inanyesha nyingine. Nami najibu kwa makofi, na simu inahesabu. Kusoma sijaanza. Kwa hesabu yangu tulisalimiana hadi mihogo ikakomaa. Simu ilisema dakika nne.

"Mshindi!" akapaza sauti mpima muda.

"Mshindi wa nini, kaka?" Dada yule alishasimama. "Zile si salamu?"

Ukumbi ukacheka. Kibondo ilikuwa mkononi kabisa. Lakini mama alikuwa ananitazama kwa furaha ambayo sikuwa nimeifanyia kazi. Nikashika kipaza sauti.

"Dada kasema kweli. Turudie. Wazee wangu, safari hii naomba msipige makofi."

"Kwa hiyo tukae kama wafiwa?" mama akauliza, akaikalia mikono yake. "Haya, soma, mwanangu."

Nikasoma. Sekunde thelathini na moja. Kombe likaenda kwa dada, na nilimpigia makofi mpaka viganja vikataka kutoa moshi.

Nje, mzee mmoja wa ile redio ya Kibondo, aliyekuja kutazama tuzo, akaniita.

"Kijana, unaweza kusalimia vile bila kumwona mtu?"

"Hata ukuta nitausalimia, mzee, na utaitika."

"Punguza maneno. Njoo Jumatatu tukusikie. Siahidi kitu."

Jumatatu wakanipa dakika tano hewani. Kwa kuwa ilikuwa asubuhi nikasema, "Mwakeye!" Kisha nikanyamaza. Nyuma ya kioo fundi mitambo akaanza kupunga mikono kama anafukuza nyuki: endelea, redio haikai kimya!

Nikamwonyesha kiganja, asubiri. Watu majumbani walikuwa wanaitikia.