Nilimlenga Mama Furaha kwa Ajili ya Picha

Usiniulize jina, nakuomba. Niite jirani mbaya, inatosha. Kosa ni langu peke yangu, na mpaka leo gari likisimama nje ya lango letu nasahau kupumua.

Mimi ndiye niliyepiga ile picha! Ile ya mwanamke anayeanika nguo, na msalaba mweusi umetua katikati ya paji la uso wake. Wengi mliipata kwenye simu zenu hapa Bujumbura. Mliogopa, mkawatumia wengine nao wakaogopa. Siwalaumu.

Nianze na bunduki yenyewe.

Babu yangu alikuwa na duka la misumari na mabati, kama baba yake aliyetoka Omani, na kama baba yangu leo. Alipofariki tulipanda darini kutafuta mahali mvua ilipokuwa ikipenya, na huko nikaikuta, imeviringishwa katika blanketi la kijivu. Bunduki ya vita vya zamani vya Wazungu! Ndefu, nzito, na juu yake darubini ya chuma. Ilikuwa bunduki ya mdunguaji, yule anayejificha mbali na kumchagua mtu mmoja.

Baba alikuwa chini, ameshika ngazi. "Kuna nini huko?"

"Panya tu, Baba."

Hapo ndipo nilipopotea. Ningesema kweli siku ile, Baba angeipeleka polisi na mambo yangeisha. Silaha ndani ya nyumba, katika mji huu! Mji ambao tairi likipasuka, mtu mzima anatazama kwanza watoto wako wapi!

Lakini nilikuwa nimeshaipenda. Nilipenda ubao wake, wallahi. Chini ya masizi kitako kilikuwa na mistari myekundu inayopita kama maji, na nilipoisugua kwa kitambaa ilizinduka, mmoja baada ya mwingine. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile kilichotengenezwa kwa kazi mbaya namna ile.

Mtandaoni nikapata wenzangu. Wako Ulaya na Marekani. Wanakusanya bunduki za zamani za wadunguaji, wanazirudishia sura zake za kwanza, kisha wanashindana kulenga shabaha za karatasi. Wao wana vibali na makabati ya chuma. Mimi nilikuwa na uvungu wa kitanda. Walinifundisha kuondoa kutu bila kukwaruza chuma, kulisha ubao mafuta kidogo kidogo, kusafisha kioo kwa pamba. Chumba kilinuka mafuta. Baba alipouliza nikamwambia natengeneza fremu za picha, na maskini akafurahi kwamba binti yake amepata kazi ya mikono.

Kitu kimoja kilinishinda: komeo, kile chuma kinachofungua chemba inamokaa risasi. Kutu ilikuwa imelishika, halisogei. Mmoja wao aliniandikia, "Kabla ya jambo lolote, fungua komeo, hakikisha chemba haina kitu." Nikamjibu, "Nimefungua. Ni tupu."

Uongo! Niliona aibu kusema nimeshindwa. Ni aibu tu, basi.

Baadaye kundi likatangaza shindano kwa ajili yetu sisi tusio na uwanja wa kulenga. Unatuma picha za bunduki kabla na baada ya kuitengeneza, na ya mwisho unaipiga kupitia darubini, ili kioo kionekane kilivyotakata. Wengine walipiga picha za miti, mnara wa kanisa, ng'ombe malishoni.

Mimi nilitoka kwenye roshani asubuhi, Baba yuko dukani. Nikailaza bunduki juu ya mto wa kitanda, nikaweka jicho. Mtaa wetu wote wa Kinindo ukanisogelea. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya villa anayofanyia kazi, Mama Furaha alikuwa anaanika. Ni mkimbizi kutoka Uvira, kule Kongo, mjane, anaishi pale na binti yake mdogo. Babu alipokufa, yeye ndiye aliyeshika jiko letu mpaka matanga yakaisha, naye si ndugu wala si Mwislamu.

Akainua uso kutazama jua. Ile mistari miwili ya darubini ikakutana juu ya paji lake. Niliona hata jasho! Nikasema, hii ndiyo. Nikabonyeza simu.

Ee Mungu, nilitabasamu.

Wale wa mbali walinisifu sana. Lakini ndani ya kundi alikuwamo mtu anayeijua Bujumbura. Aliitambua milima, labda, au mnazi wa jirani. Akairusha picha na maneno yake: wakimbizi wanalengwa, jihadharini. Kabla ya adhuhuri siku ya pili ilikuwa imezunguka mji na kurudi kwenye simu yangu mwenyewe, imetumwa na shangazi yangu: "Mwanangu, usitoke nje!"

Sijamaliza kuisoma, lango likagongwa.

"We jirani! Fungua! Fungua, mi nakufa!"

Mama Furaha aliingia miguu mitupu, amemkumbatia mtoto, simu imo mkononi. "Angalia. Huyu si mi?"

"Anafanana tu, Mama Furaha."

"Anafanana? Na ile beseni yangu ya mupasuko, nayo inafanana?"

Akakaa sakafuni, akakataa kiti, kwa sababu kiti kilikuwa karibu na dirisha.

"Bwana yangu walimupiga hivi hivi," akasema. "Kule Uvira. Alikuwa anakunywa maji kwenye lupango, uani kwetu, hatukuona mutu. Alianguka na kopo mukononi. Mi nikazania huku nimeponea." Akanishika mkono. "We uko na macho ya kijana. Niambie, alisimama wapi? Ni upande wenu huku, si ndiyo?"

Ningeweza kusema pale pale. Alikuwa ameshika mkono wangu ule ule! Lakini nilifikiria jela, nikamfikiria Baba, na mdomo ukanigeuka. Nikanyoosha kidole kwenye jengo la ghorofa ambalo halijakwisha kujengwa, nyuma ya nyumba yetu.

"Labda kwenye ile etaji," nikasema.

Sikusema jina la mtu. Nilijifariji hivyo. Lakini kwenye jengo lile alikaa mtu mmoja tu, mlinzi anayeitwa Melkioro, ambaye kila asubuhi alinisalimu, "Mwarabu wangu, umelalaje?" Mama Furaha akawaambia vijana wa mtaa, nao hawakuuliza mara mbili. Kutoka roshani niliwaona wakimburuta kwenye ngazi za saruji.

"Mi niko na tochi tu!" alikuwa analia. "Tochi! Muangalie, hata betri haina!"

Polisi walimkuta tayari ameumizwa, wakamchukua.

Ningependa kuandika kwamba dhamira ndiyo iliyonisukuma. La. Tulisikia kwamba msako unakuja, nyumba kwa nyumba, na nikaogopa kwa ajili yangu mwenyewe. Baba aliporudi kula nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama mlangoni, tayari kukimbia.

Hakunipiga. Aliingia chumbani, akainama, akaivuta kutoka uvunguni. Akapitisha kiganja juu ya ubao niliouhangaikia, ukang'aa, na nikaona aibu kwa kila mng'ao wake.

"Baba yangu alitulaza chini ya kitu hiki miaka yote," akasema. "Na wewe ukakipamba." Akatwaa kofia yake. "Vaa. Tunakwenda."

Kituoni wakamwita askari anayejua silaha. Akatia mafuta kwenye komeo, akangoja, akalibana kwa koleo, akavuta. Likapiga kelele kama kitu kinachoamshwa. Na chemba ikatema risasi!

Risasi nzima. Imefanya ukijani kwa uzee, lakini nzima. Ikabingirika mezani. Baba akasema, "Astaghfirullah," akashika ukingo wa meza.

Yule askari akaitazama, kisha akanitazama mimi. "Iyi ilikuwa inangoja nani?"

Tangu siku ile sisikii swali jingine. Nilikuwa nimeibeba, nimeigeuza, nimeilaza mapajani huku nasugua. Nilikuwa nimeielekeza.

Walituweka ndani wote wawili. Melkioro alitolewa tulipokuwa tunaingizwa. Jicho moja limefumba, akatambua uso wangu kwa lile jingine. "Kumbe ni we, Mwarabu wangu?" Si kwa hasira. Alishangaa tu, na kazi alikuwa ameshaipoteza. Baba aliachiliwa kwanza, mimi baadaye. Kesi bado ipo na naripoti kila ninapoitwa. Wateja wengine wa Baba wanapita ng'ambo ya barabara. Yeye anafungua duka, anafunga duka.

Nikaenda kwa Mama Furaha. Nilimkuta anafunga mizigo. Anahamia Kajaga, kwa dada yake anayeuza samaki. Nilimweleza yote, toka darini mpaka ile risasi, na sikulia, kwa sababu sikuwa na haki hiyo mbele yake. Alisikiliza huku anakaza kamba. Nilitegemea anitukane. Ningeshukuru!

Badala yake akauliza kwa sauti ndogo, "Mukono moja ulishika simu?"

"Ndiyo, wa kushoto."

"Na ule mwingine? Kidole yako ilikuwa wapi?"

Nikaurudia ule wakati. Ule mto, lile jua, uso wake ukiinuka. Nikakiona kidole changu cha kuume. Kilikuwa kimejikunja ndani ya ile pete ya chuma, juu ya kifyatulio, kimetulia kabisa, kama kimezaliwa pale.

"Kwenye kifyatulio," nikasema.

"Juu ya nini, sababu gani?"

"Sijui, Mama. Kilienda chenyewe."

Furaha alikuwa ananijia. Mara nyingi mimi ndiye niliyemsuka nywele, na alikuwa ameshika kitana. Mama yake akamvuta kwa bega, akamweka nyuma ya mgongo wake, akasimama hivyo, kati yangu na mtoto, mpaka nikaondoka.

Wewe unayenisoma, sikia. Kama darini mwenu, kisimani, chini ya sakafu ya mzee wenu kuna chuma cha namna hii, sema leo, kwa sauti, kwa mtu mzima. Usikisugue. Usikionee fahari. Na usimweke binadamu kwenye kile kioo hata kwa mzaha, hata kama una hakika ni kitupu! Mimi nilikuwa na hakika.