Ufa wa Rau na Jani la Isale

Nakumbuka siku ile niliyohama nyumba ya kupanga pale mtaa wa Rau, na hadi leo, mwanangu, mimi mstaafu mwenye mvi, damu hunichemka.

Nilikuwa karani kijana niliyepata uhamisho, na lori lilikwisha kufika kuchukua vyombo. Baba mwenye nyumba akaingia, akanyoosha kidole kwenye ufa uliopasua ukuta toka dirishani hadi sakafuni. "Huu umeufanya wewe. Hakitoki kitu humu mpaka uuzibe."

Ufa ule niliukuta! Siku ya kuingia tuliutazama sote wawili, akacheka, akaniita mangi kama tuitanavyo watu wa mlimani: "Aa, mangi, wewe wa Kibosho, mimi wa Kibosho. Tuandikiane nini?" Nami nikaona kudai maandishi ni kumvunjia heshima mzee wa nyumbani.

Basi nikafanya jambo ambalo kwetu mlimani hutuliza ugomvi. Nilichuma uani jani la isale, lile la kuombea msamaha, nikampa kwa mikono miwili ili hasira zishuke tuzungumze. Apelekewaye isale hawezi kukataa kusamehe, nawe wajua. Hakukataa. Alilipokea, kisha akaliinua juu majirani walione.

"Mmeona? Kama hakupasua, msamaha wa nini?"

Bi Zuhura, mpangaji wa chumba cha pili, akashika kiuno. "Ee, mangi! Umekiri mwenyewe mbele ya watu. Sasa tukutetee vipi?"

"Nimekusamehe, mwanangu," mzee akasema, kwa upole ulioniudhi kuliko matusi. "Saruji unanunua lini?"

Lori liliondoka tupu. Nilibaki nikiziba ufa usio wangu, nikaripoti kituo kipya kwa kuchelewa, na Rau nzima ikaniita mvunja nyumba.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujashusha godoro kwenye hiyo nyumba unayokwenda kupanga, pita kila chumba pamoja na mwenye nyumba. Piga picha kuta, dari, mabomba na vitasa. Andikeni mlichokiona, mtie saini, kila mmoja abaki na nakala. Paa likivuja ukiwa humo, mwarifu kwa maandishi siku hiyo hiyo. Siku ya kutoka, kagueni tena pamoja. Akikuuliza kama humwamini, mjibu kwa adabu kwamba karatasi hiyo inamlinda hata yeye. Na isale uipeleke pale tu ulipokosea kweli.

Mungu akujalie makao yenye amani, na kila nyumba utakayoiaga, uiage jina lako likiwa safi.